Walikuja na Marungu Kwenye Video ya Mjukuu Wangu

Namshukuru Mungu Mwenyezi aliyenipa masikio mawili na kuniachia hadi uzee huu yakiwa bado yanasikia. Wenzangu wengi wa rika langu siku hizi ukiwasemesha wanainamisha kichwa na kukutegea sikio moja. Mimi bado nasikia mvua ikianza kwenye mabati ya mbali kabla haijafika kwetu, nasikia ndama akilia zizini, na nasikia muziki wa mjukuu wangu, ambao baadhi ya majirani wanauita kelele. Kwa hayo yote jina lake litukuzwe.

Nimekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, hapa Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime. Wapo watu niliowafundisha sala wakiwa watoto, kisha nikawafundisha watoto wao. Mtu wa kazi hiyo hategemewi kuandika habari za bendi ya roki. Lakini haya niliyaona, na kadiri ninavyoyatafakari ndivyo ninavyozidi kushukuru, basi nimeona niyaandike.

Bendi yenyewe ni ya watu watatu. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, anaimba na kupiga gitaa. Binamu yake anapiga ngoma. Huyu ni kijana aliyelelewa mjini upande wa Kenya, sasa anakaa Sirari, na ndiye aliyetuletea muziki huu kutoka huko. Gitaa la besi linapigwa na fundi simu wa Nyamisangura, mtu mpole ambaye ukimkuta kibandani kwake anatengeneza simu huku mguu wake ukipiga mdundo chini ya meza.

Siku ya kwanza nilipowasikia wakifanya mazoezi kwenye ghala letu la mahindi, nilidhani kuna kitu kimeungua. Mjukuu wangu alikanyaga kiboksi kidogo kilichokuwa sakafuni, na gitaa lililokuwa likilia vizuri likaanza kukwaruza na kunguruma.

"Babu, usiogope, halijaharibika," aliniambia akicheka. "Ndivyo linavyotakiwa."

"Linatakiwa lilie kama linaumwa?"

"Ndiyo, Babu. Linaumwa kidogo."

Nikakaa juu ya gunia nikasikiliza. Nilipotulia nikagundua kwamba sauti ile si ngeni kwangu. Utotoni nilikuwa nikikaa karibu na wapiga litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nene ambalo linavuma na kukwaruza kwa wakati mmoja, hadi unalisikia kifuani kabla ya masikioni. Hakuna aliyesema litungu limeharibika. Tuliambiwa tu tukae kimya, mzee anapiga. Basi nami nikakaa kimya.

Wimbo wao wa kwanza ulihusu mahindi yaliyoanikwa na wingu linalokuja. Video yake waliirekodi kwa simu ya yule fundi, hapa hapa uani kwetu, na kusema kweli kuku wetu walionekana kuliko waimbaji. Wa pili ulimhusu mkwe wangu, mama yake mjukuu wangu. Yeye anafanya kazi ya kufua katika hoteli ya watalii huko Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na anarudi nyumbani kwa likizo tu. Walikwenda huko na dada mmoja anayerekodi harusi mjini, ambaye ana kamera nzuri na kompyuta. Katika video ile huoni uso wa mtu hata mmoja. Unaona mashuka meupe yameanikwa nyuma ya hoteli, upepo wa nyikani unayajaza na kuyaachia, na nyuma yake kivuli cha mwanamke anapita. Upepo ukizidi, mjukuu wangu anakanyaga kile kiboksi na gitaa linakwaruza. Mkwe wangu alipoonyeshwa, aliangalia hadi mwisho, kisha akasema, "Mbona hamkuonyesha mikono inavyokauka kwa sabuni?" Lakini niliona ameirudia mara nyingine alipodhani hatumtazami.

Mwanangu, baba yake binti huyu, hakuipenda hali hii tangu mwanzo. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache, na jambo analoliogopa kuliko ukame ni ugomvi na majirani. Watu walishaanza kumwambia kwamba binti yake anapiga kelele ghalani kutwa nzima, amevaa suruali, na vijana wawili wa kiume wako naye. Hakumkataza. Alimwita mbele yangu akamwekea sharti.

"Siku muziki huu utakapoleta ugomvi kijijini, hata mara moja, gitaa litaondoka hapa nyumbani. Nawe utakwenda kwa shangazi yako upande wa pili wa mpaka ukamsaidie dukani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Alipotoka, mjukuu wangu alikuja akakaa karibu nami. Akasema, "Babu, mimi sina kitu kingine." Nilimwambia amwombe Mungu na apunguze sauti ya spika. Alifanya yote mawili.

Ndipo ukaja wimbo wa tatu. Ulihusu mwanamke aliyeachwa na ugali jikoni siku pembe ilipolia, mume akachukua upinde akakimbia na wenzake kufuata ng'ombe walioibiwa, na hakurudi. Habari kama hiyo hapa kwetu haihitaji kubuniwa. Karibu kila ukoo una ya kwake. Mjukuu wangu aliuandika kwa kuwasikiliza bibi zake, na nilipousoma kwenye karatasi sikupata neno la kusahihisha.

Walitaka video yake irekodiwe juu ya kilima chenye mawe, ng'ambo ya mashamba yetu. Kilima kiko mwisho wa shamba la mama mmoja mjane, muumini wa kigango chetu. Nilikwenda mwenyewe kumwombea ruhusa, akaitoa. Siku ya kurekodi, mwanangu akaniomba niende pamoja nao. "Baba, kawaangalie," alisema. Nikaenda na rozari yangu na chupa ya chai.

Walipofika juu walianza kupanga vyombo. Binamu mtu alikuwa amechoma majani mabichi ndani ya debe ili moshi upite nyuma yao wakipiga. Nilipoona kazi inakwenda vizuri nikashuka kumsalimia mama mwenye shamba, maana si heshima kutumia kilima cha mtu bila kupita mlangoni kwake. Nilimkuta uani akipepeta mtama. Alinipa kigoda na kikombe cha uji, tukaanza kuulizana habari za nyumbani.

Jambo moja sikulijua. Yule binamu alikuwa ameazima pembe mahali, na walikuwa wamepanga wimbo uanze kwa mlio wake. Ghalani walikuwa wakiijaribu kwa pumzi ndogo, kama mtu anayepuliza chai. Mjukuu wangu amezaliwa hapa, lakini alikuwa na wimbo kichwani na kamera mbele yake, na akili ya msanii ikishaingia mahali haioni pembeni. Yule dada wa kamera ni wa mjini. Binamu amekulia kwenye nyumba za kupanga. Dada akamwambia, "Puliza kwa nguvu, kaka, upepo unaimeza sauti." Naye akapuliza kwa nguvu.

Kwetu pembe haipulizwi ovyo. Ikilia, maana yake ng'ombe wamechukuliwa. Kila mwanamume anayeisikia anaacha alichoshika na kukimbia kuielekea, bila kuuliza ni ng'ombe wa nani. Anayechelewa ndiye atakayeulizwa. Na wanawake kazi yao ni kuipokea sauti na kuipeleka mbele kwa yowe, boma kwa boma, hadi ifike ambako pembe yenyewe haisikiki.

Yule mama alitua ungo chini. Nilimwona anainua mikono mdomoni.

"Mama, subiri! Ni wimbo!"

"Wimbo wa nani unaolia pembe?" alisema, na kabla sijajibu alikuwa ameshapiga yowe. Bomani kwa jirani yake lilipokelewa, na ng'ambo ya mto likapokelewa tena. Nikasimama katikati ya ua nimeshika kikombe. Nilijua kwamba sauti ile hakuna binadamu anayeweza kuirudisha.

Nilipanda kilima kwa kasi ya umri wangu. Wanaume walinipita kulia na kushoto, wenye panga, wenye marungu, wenye pinde, mmoja na jembe lenye udongo mbichi. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa na kitambaa cha kinyozi bado kimefungwa shingoni. Waliona moshi wa lile debe wakazidi mbio. Nilipofika juu nikihema, walikuwa wamekwisha kuwazunguka vijana, na kamanda wa sungusungu alikuwa anamhoji yule binamu.

"Wamepita wapi?"

"Akina nani, mzee?"

"Ng'ombe!"

"Hakuna ng'ombe, mzee. Hii ni ya video."

"Wameiba video?"

"Hapana, mzee, sisi ndio tunaitengeneza. Ni ngoma tu, ya roki."

Kamanda akaiona pembe mkononi mwake. Sauti yake ikashuka, na ilipokuwa chini iliogopesha zaidi. "We mura, we kijana, hiyo umeipuliza wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa ajili ya ngoma?"

Yule wa kichwa nusu akadakia, "Yaani mimi nimekimbia kiti cha kinyozi kwa ajili ya ngoma?" Mmoja nyuma yake akamwambia, "Rudi, baba, nusu nyingine inakusubiri," na wachache wakacheka. Kamanda hakucheka, na sababu yake ilikuwa nzuri. Pembe ikilia bure leo, kesho mtu ataisikia akasema labda ni wale vijana wa muziki. Atamalizia kula kwanza. Na siku hiyo mwenzake atakuwa peke yake mbele ya wezi.

Mwanangu naye alikuwepo. Nilimwona amesimama mbele ya binti yake, anamtazama toka kichwani hadi miguuni. Kisha akageuka akashuka kilima. Mjukuu wangu alimwita, "Baba!" Hakugeuka.

Kamanda alichukua pembe, akachukua magitaa yote mawili, ngoma, spika na kile kiboksi cha kukanyaga, vyote vikafungiwa stoo ya duka lake. Tukaambiwa kesho yake baada ya ibada kutakuwa na baraza.

Nyumbani mwanangu alisema maneno machache. "Nilisema, na yeye alikubali." Nilitaka kumtetea mtoto, lakini sharti lilikuwa limewekwa mbele yangu na nilinyamaza lilipowekwa. Mjukuu wangu alianza kukunja nguo zake. Nikaenda chumbani kwangu nikaomba. Sikumwomba Mungu ampe mtu yeyote ushindi. Nilimwomba tu asiruhusu jambo hili liishie kwenye hasira.

Baraza lilikaa uwanjani karibu na josho la ng'ombe. Lilijaa, maana karibu kila mwanamume aliyekimbia alikuja kudai mbio zake. Mzee mmoja alitaka magitaa yachomwe. Mwingine alisema vijana wachinje ng'ombe. Wa tatu akasema ng'ombe ni mkubwa mno kwa kosa la muziki, kondoo atatosha, na wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu nyama. Mwanangu alikaa pembeni, macho chini.

Kamanda akamsimamisha mjukuu wangu. "Wewe ndiye mwenye wimbo. Wimbo gani huo ambao hauwezi kuimbwa bila kutuita?"

Alieleza. Alipoona hawaelewi vizuri, akayasema maneno ya wimbo wenyewe, bila gitaa, bila kuimba, kama mtu anayesimulia: ugali uliobaki jikoni ukapoa, mwanamke anayesimama mlangoni kila pembe inapolia ingawa hana tena wa kumsubiri. Nikamwona yule mama mwenye shamba anasimama upande wa wanawake. Mume wake naye aliitikia pembe miaka mingi iliyopita, na wote pale tulijua hivyo. Mjukuu wangu alijifunika uso kwa viganja.

"Mwalimu," mama yule aliniambia mimi, maana ndivyo wanavyotuita makatekista, "huyu ni mjukuu wako?"

"Ni wangu, mama."

"Jana nilipiga yowe kwa nguvu zangu zote. Sauti imekauka hadi sasa, mnanisikia." Akawageukia wazee. "Wimbo siukatai. Mambo hayo ni ya kweli, na sijasikia mtu akiyasema hadharani hapa. Lakini pembe itoke. Pembe si ya kuimbia. Mume wangu hakuitwa na wimbo."

Akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena kuchoma gitaa. Wazee wakaamua: pembe irudi kwa mwenyewe, isitumike katika wimbo. Vijana watoe kondoo. Na wapite boma kwa boma, kila mahali yowe lilipofika, waseme kwa vinywa vyao kwamba hapakuwa na wizi na kwamba ikilia tena watu wasisite kukimbia. Nikasema moyoni, hii ni hukumu ya watu wanaomcha Mungu.

Lakini hukumu ya baraza haikuwa hukumu ya baba. Mwanangu alikuwa bado hajasema neno, na mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni nyumbani.

Ndipo yule wa kichwa nusu, ambaye sasa alikuwa amemaliziwa kunyolewa, akauliza kama kamera iliwaona wakikimbia. Yule dada wa kamera akakiri kwamba kwa hofu alisahau kuizima, na kwamba kila kitu kimo. Hapo baraza likageuka. Wazee wale wale waliodai ng'ombe wakataka kuona. Tukasongamana kwenye duka la kamanda, tukafunga dirisha ili mwanga usizuie, yule dada akaweka kompyuta yake juu ya kreti za soda.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kila mtu alijitafuta. "Tazama anavyokimbia kama kanga!" "Wewe je, umekimbia na jembe ukawapalilie wezi?" Kitambaa cha kinyozi kilipotokea kikipepea, duka lilitikisika. Kamanda mwenyewe alijifuta machozi.

Kisha mtu mmoja akasema, "Huyo wa mbele ni nani?"

Alikuwa mbali mbele ya wenzake, mtu mmoja peke yake kwenye mteremko. Hakuwa na panga wala rungu. Alikuwa na buti moja ya mpira, mguu mwingine mtupu juu ya mawe. Wengine walipofika kileleni macho yao yalikwenda chini, kutafuta nyayo za ng'ombe. Yeye hakutazama chini. Alimtazama binti mwenye gitaa, akasimama ghafla, na mikono yake ikaanguka.

Mwanangu alisogea mbele. "Rudisha nyuma kidogo," alimwambia dada wa kamera. Akarudisha. Akajitazama tena akikimbia.

"Wewe," kamanda akamtania, "ng'ombe wako walikuwa zizini. Mbona ulitutangulia wote?"

"Sikuwa nafuata ng'ombe," alisema.

Alikuwa anajua kwamba binti yake yuko juu ya kilima kile ambako pembe ilikuwa inalia. Mimi baba yake sikuwa nimelifikiria hilo. Niliona mgongo wake ukishuka nikadhani ni hasira tupu.

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba, hiyo sehemu tutaitoa."

"Mnaitoa kwa nini?" Akavuta pumzi. "Iacheni. Ila watu hawa muwaombe ruhusa, kila mmoja." Kisha akamwambia kamanda amfungulie stoo, akatoka na gitaa mkononi, amelishika vibaya kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Akampa binti yake. "Twende nyumbani. Ng'ombe hawajanyweshwa."

Walipita boma kwa boma kama walivyoamriwa, nami nilikwenda nao kwa yale ya karibu. Waliombwa kukaa, walilishwa, na katika maboma mawili waliombwa wapige. Yule binamu alifundishwa na wazee historia ya pembe hadi akachoka, naye akawa anajibu, "Nimeshika, mzee, nimeshika kabisa."

Video imetoka sasa, na watu wengi wameiona kwenye simu zao, hadi upande wa pili wa mpaka. Mahali ambapo pembe ilipaswa kulia hawakuweka chochote. Ni kimya. Katika kimya hicho unawaona watu wa kijiji chetu wakipanda kilima, unasikia miguu yao tu, halafu gitaa linaingia taratibu, likikwaruza. Yule mama aliomba aonyeshwe peke yake. Alipomaliza alimshika mjukuu wangu mkono, akamwambia, "Sasa imekaa vizuri." Mwanangu amewaondolea magunia upande mmoja wa ghala wapate nafasi ya kutosha, na wiki iliyopita nilimkuta akimuuliza fundi simu kile kiboksi kinafanya kazi gani. Wimbo wa nne wameshauanza. Mjukuu wangu hataki kunieleza unahusu nini, nami nina subira.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Akujalie watu wa kukukimbilia siku utakapokuwa hatarini, akupe na wewe miguu ya kuwakimbilia wengine, na kila mara mbio hizo ziwe za bure, ukute wako wote wazima. Amina.